Usiseme Amina Bado

Murusagamba,
Alhamisi, wiki ya pili tangu mvua zianze

Mama Deo,

Amahoro. Zamani nilikuwa naingia ndani na kuanza tu kuuliza jembe liko wapi, nawe unanisema: "Baba Deo, mimi si mgomba. Nisalimie kwanza." Basi leo nimekusalimia.

Jumuiya ilisali hapa kwetu asubuhi hii. Watu wameondoka, na ule mkeka mkubwa bado umetandikwa. Nimejaribu kuukunja peke yangu, unakwenda upande. Sina wa kumwambia shika kule. Nimeuacha, nimekaa juu yake ninakuandikia.

Baada ya kukuzika nilikwenda jumuiya mara moja tu, kisha miezi mingi sikwenda. Nilisema goti linauma. Linauma kweli, lakini si kiasi hicho.

Unakumbuka ile Amina yetu ilivyoanza, kwa Mzee Simoni? Aliomba tumwombee, paa lake linavuja. Tukainamisha vichwa, tukawa tayari kuitikia, wewe ukasema, "Usiseme Amina bado. Amina ya paa inasemwa juu ya paa." Tulidhani unatania. Kesho yake tulikuwa kwake na mafungu ya nyasi, tukaezeka mpaka mchana. Fungu la mwisho lilipofungwa ukasema, "Sasa!" Tukasema Amina, mimi nikiwa nimening'inia kwenye ngazi. Nilikuwa nimesali tangu utoto, Mama Deo, lakini siku ile kwenye ngazi ndipo nilipojua nilichokuwa nikisema.

Ikawa desturi yetu. Watu wakaacha kuomba ovyo, maana ukiomba shamba la mgonjwa lipaliliwe, kesho unaitwa na jembe lako. Maombi yakawa mafupi, yakawa ya kweli. Na yule katekista mgeni kutoka Mabawe! Alimaliza sala vizuri, akasema Amina, kimya. Akadhani hatujasikia, akarudia kwa sauti kubwa. Ukamwambia, "Mwalimu, bado hatujalima." Nikikumbuka nacheka. Si vizuri kucheka peke yako ndani ya nyumba.

Nia yako ya mwisho katika sala ilikuwa kijito. Uliomba daraja, ili mvua zikija watu wa ng'ambo waweze kuvuka kuja kusali, na watoto wao wafike shule. Ng'ambo ndiko ulikokulia, huko mama yako alikokufikisha mgongoni kutoka Burundi. Ukatuambia tusiseme Amina bado. Halafu ukaugua.

Baada ya mazishi, mwenyekiti mpya, Mama Konsolata, aliikumbusha nia ile. Baba Yusta akasema, Biblia ikiwa magotini mwake, "Daraja la wakimbizi wajenge wakimbizi wenyewe." Wakimbizi! Watu waliozaliwa hapa hapa, wengine wana wajukuu. Hakuna aliyemjibu. Nami sikumjibu. Wakaombea mambo mengine, wakasema Amina palepale walipokaa, wakaenda nyumbani. Tangu siku hiyo goti langu likaanza kuuma sana.

Nilikaa na aibu ile. Mke wangu ameitwa mkimbizi mbele yangu, kaburi lake bado bichi, nami nimeangalia mkeka.

Kabla ya mvua nilimpigia Deo simu, bado yuko Lusahunga anawauzia madereva wa malori chakula. Nikamwambia ile mikaratusi uliyompandia kwa ajili ya nyumba yake, naitaka kwa daraja. Akasema, "Baba, kata."

Gogo la kwanza nililikokota mwenyewe mpaka bondeni. Nestori wa ng'ambo akaniona, akavuka na kamba, tukavuta pamoja. Kesho yake wakaja wenzake watano. Siku ya tatu akaja Mama Konsolata na akina mama wa huku, na nyuma yao Baba Yusta na msumeno begani. Hakututazama. Alizunguka magogo yetu, akasema, "Mmeyapanga vibaya haya. Yatabingirika." Akavua viatu, akaingia majini. Hakuomba radhi kwa njia nyingine, nami sikuidai. Nilimshikia gogo, akakata.

Tulipomaliza wakanitazama mimi. Nikasema, "Sasa." Amina ikatoka kingo zote mbili kwa pamoja. Mimi ikanipita. Nilikuwa nakutafuta kwenye kundi.

Leo, Mama Deo, kijito kimejaa, na watu wa ng'ambo wamevuka wakaja wamelowa mabega tu. Mkeka wako umejaa matope ya miguu yao. Tulipofika kwenye nia nikasema, tumwombee Mama Deo. Wakainamisha vichwa. Halafu kila mtu anangoja. Mwisho Baba Yusta akaniuliza taratibu, "Baba Deo, hii tunaisemea wapi?"

Wameondoka bila kuisema.

Nimefurahi hawakuisema. Amina yetu ni ya kazi iliyokwisha, nami sitaki wewe uwe umekwisha. Nitakwenda jumuiya, goti likiuma na lisipouma. Kila mwaka kabla ya mvua nitakagua magogo yale, na lililooza nitalibadilisha. Na mtu akilitamka tena lile neno la wakimbizi mbele yangu, nitamjibu. Hilo nakuahidi, kwa kuwa siku ile sikujibu.

Mvua imeanza tena. Nauacha mkeka ulivyo, pengine kesho Nestori atapita anishikie upande wa pili.

Kwaheri, Mama Deo. Barua hii naiacha bila Amina. Huko mnakosali, ukiulizwa nia yako, unitaje.

Baba Deo