Mpita Njia na Chumvi ya Seline

Otonglo, Kisumu
14 Novemba 1989

Kwa Mama Simiyu, dada yangu Metrine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Zadock wangu, ambaye bado anakoroma vilevile. Sisi huku tumeamka salama, Mungu ametushika, isipokuwa mvua imeharibu barabara ya Dunga na samaki wanafika wamechelewa. Nyinyi huko Kitale mnaendeleaje? Mahindi yameingia ghalani? Na mguu wa Baba Simiyu umepona, au bado anausingizia asiende shambani?

Asante kwa kuja kuniona mwezi wa nane. Hukukaa sana, lakini tangu uhame Kaloleni sijapata mtu wa kucheka naye hivyo. Sasa ngoja nikupe habari za hoteli yangu, maana ulipokuja nilikuficha mengi. Nilikuambia wateja ni wachache kwa sababu ni katikati ya mwezi. Haikuwa hivyo. Walikuwa wamenikimbia.

Ilianza baada ya Pasaka. Mtu anaingia, anakula samaki na ugali mpaka inabaki miiba tu, ananawa, ananiambia erokamano Mama, asante sana, na simwoni tena. Hakuna aliyelalamika hata siku moja. Mwenye nyumba naye akaanza kuleta watu waangalie chumba, eti wanataka kufungua baa. Nilikosa usingizi, dada. Tangu Zadock aachishwe kazi, sufuria zangu ndizo zinazolisha nyumba.

Ndipo Waliaula, yule dereva wa lori ambaye jina lake halikosi kwenye vipindi vya salamu redioni, akanishauri nitafute watu wa kunitaja hewani. Nikanunua kadi za salamu, nikaziweka kila meza. Kila aliyemaliza kula nilimwomba awasalimu jamaa zake na aseme amekula kwa Seline, Otonglo. Stempu juu yangu. Wengine niliwaongezea chai ya bure, usinicheke. Zadock alisema natafuta sifa kama mtu anayeomba kura. Nikamwambia basi apike yeye.

Kadi zikaanza kusomwa. Lo, nilisifiwa! Chakula cha Seline ni kitamu sana, ni kitamu mno, ni kitamu ajabu. Watu wakaja, wakala mara moja, wakapotea kama wale wa kwanza. Na hapa sokoni wakaanza kunong'ona kwamba kadi zote naziandika mwenyewe.

Halafu alasiri moja mwezi wa tisa, redio ikiwa juu kabisa na wateja wachache wamekaa, mtangazaji akasoma kadi ya mtu aliyejiita Mpita Njia. Nimeishika neno kwa neno:

"Nawasalimu wote wanaokula kwa Seline, Otonglo. Samaki wake ametoka ziwani leo, sahani ni safi na moyo wake ni mzuri. Lakini chumvi imezidi. Mama huyu zamani hakupika hivi. Mwambieni, msimkimbie."

Nilizima redio. Nilimtukana huyo Mpita Njia kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Dholuo. Nikawageukia wateja waniunge mkono, na wote walikuwa wanaangalia sahani zao. Basi nikamuuliza Mzee Walter, mstaafu wa reli anayekula kwangu kila siku, kama ni kweli. Akajikuna shingo.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Tuliona haya."

Kisha akakiri kwamba nikigeuka huwa anamsuuza samaki kwenye maji ya kunawa. Mzee wa watu!

Dada, sasa nikuambie jambo ambalo hata Zadock hakulijua mpaka siku ile. Tangu ile homa kubwa ya mwezi wa tatu, ulimi wangu hausikii ladha. Sukari, pilipili, uji, vyote ni kama kutafuna pamba. Nikionja mchuzi naona haujakolea, naongeza chumvi, naonja, naongeza tena. Niliogopa kusema. Nani atakula kwa mpishi asiyesikia ladha?

Kumbe wapo. Siku hizi sufuria haitoki jikoni kabla mteja wa kwanza hajaitwa kuonja, na Mzee Walter anawahi ili awe yeye. Na kadi ile iliyoniaibisha ndiyo imeleta watu. Madereva wanasimama, wanauliza kama ni hapa kwa mama wa chumvi, wanakula, wanarudi na wenzao. Wanasema zile za sifa hawakuziamini, lakini hii waliona imeandikwa na mtu aliyekula kweli. Mwenye nyumba hajaleta tena watu wa baa, na wiki jana aliniomba nimwekee kichwa cha samaki.

Mama Simiyu, najua ni wewe. Ulipokuwa unaondoka nilikutia kadi mkononi kama wateja wengine. Na ni nani mwingine anayejua nilivyopika zamani, kama si wewe niliyepika nawe jiko moja miaka yote ile Kaloleni? Nilipogundua, nilikukasirikia wiki nzima. Ulikula mbele yangu, ukamaliza, ukasema umeshiba! Kisha nikafikiri. Ungeniambia usoni ningekujibu vibaya, nawe ungeenda zako umeumia, na tungekosana. Mdomo wangu naujua. Umeniokoa, dada. Asante, na Mungu akuongezee.

Daktari anasema ladha inaweza kurudi, inaweza isirudi. Juzi nilionja mchuzi kwa mazoea, sikusikia kitu, nikalia kidogo pale motoni. Kisha nikaita mteja.

Nisalimie Baba Simiyu, watoto, na wote wanaoniulizia huko. Krismasi njooni. Sitakuketisha na wageni. Utakaa nami jikoni, na chakula kikiwa kibaya utaniambia kabla hujameza.

Ni mimi, rafiki yako, na usinionee haya tena,

Seline Adero