Tangazo la Mazoezi Limefika Wodini

Mwamvua upo?? Soma hii haraka

Firdausi ametumaliza. Si unajua tunajitolea kwenye mkutano wa maafisa uhusiano hapa Kibondo? Leo walikuwa na mazoezi ya taarifa za dharura. Wakatunga tangazo la uongo, eti ugonjwa wa kutokwa damu umeingia hospitalini, wodi zinafungwa. Firdausi akaambiwa alitume kwenye grupu la washiriki tu

Kalituma kwenye grupu la ukoo wao!! La ukoo, Mwamvua!

Kaja kushtuka saa nzima imepita, soko zima linalo. Akampigia mama yake analia, "Mama, ni mazoezi, nimelituma mimi!" Mama akamjibu, "Wamekutisha useme hivyo. Dada yako nimeshamtoa wodini."

Kamtoa Swaumu wodini!! Swaumu aliyelazwa kwa presha, na mimba ya miezi minane

Firdausi kakimbia stendi peku, viatu kaviacha ukumbini. Kakuta basi limeshaondoka nao. Na wale maafisa bado wanabishana waandike "tunakanusha" au "tunafafanua"

Nimempigia konda mimi. Anasema Swaumu analia kichwa kinampasuka, macho hayaoni vizuri, na mama hataki washuke popote kabla ya Kasulu. Imebaki nusu saa wafike

Firdausi kakaa chini hapa stendi, analia tu

Mama yake anakuamini wewe kwa unesi wako. Chukua gari la wagonjwa hapo kwenu Kasulu uende stendi sasa hivi, uwapokee. Akianza habari za tangazo usibishane naye kabisa. Mshike Swaumu kwanza