Sauti ya Bi Mwanne

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Masasi. Semina yetu ya uzamili, sera na uongozi wa umma. Kulikuwa na wageni kutoka vijijini, hata Bwanali, mwenyekiti wa kamati ya maji wa kile kijiji nyuma ya Kitangari nilikofanyia utafiti wangu.

Akasimama Edmund. Edmund niliyesoma naye miaka yote hii, baba wa ubatizo wa mwanangu Rose! Mada yake: nani anakosa maji kijijini, na kwa nini. Nikadhani anatania. Hiyo mada si yangu? Akabonyeza kompyuta, sauti ikajaa ukumbini: “Usipomwokotea mwenyekiti korosho zake, ndoo yako haijai.”

Bi Mwanne! Nilimrekodi mimi, jikoni kwake. Nikamwahidi hakuna atakayemjua. Simu yangu ilipokufa, rekodi zilibaki kwa Edmund tu — alijitolea kunisaidia kuziandika. Maswali yangu ameyakata yote.

Watu wakapiga makofi. Bwanali hakupiga.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimemkabili Edmund baada ya misa. Hakuona hata aibu. “Mama Rose, wewe kila kitu unachelewa. Mambo mazito vile yangeozea mikononi mwako.” Nikamuuliza, na yule mama je? Eti sauti haina jina. Haina jina! Kijijini kule mtu akikohoa tu wanamjua.

Rose akamkimbilia. Edmund akambeba, akamnunulia biskuti. Nikawaangalia tu. Sijui kwa nini niliwaangalia tu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Ofisini Newala. Afisa maendeleo ya jamii — kwenye kitambulisho changu ndivyo ilivyoandikwa. Sijafanya kazi yoyote.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempigia Dokta Gasper, anayetusimamia utafiti sote wawili. Mpole, lakini hasogei. Anasema Edmund ametangulia kuwasilisha. Kama kazi ni yangu nimletee mwenye sauti Ijumaa, aseme mwenyewe alihojiwa na nani. La sivyo nitafute mada nyingine. Yaani nianze upya!

Bi Mwanne atakuja. Ananipenda yule mama.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimefika kijijini kwa bodaboda. Bombani hayupo. Jirani yake akaninong’oneza: tangu ile semina anakatazwa kuchota. Anashuka bondeni, kwenye kisima cha wazi. Umri ule, na mlima ule!

Nikamsubiri njiani. Akatokea, ndoo kichwani, anahema. Na Bwanali naye akatokea upande wa pili, na wenzake wawili wa kamati.

“Shikamoo mama.”

Akataka kunipita.

Bwanali akamuuliza, “Mwanne, si huyu binti aliyekurekodi?”

Akatua ndoo. Akanitazama usoni. “Simjui. Mimi sijaongea na mtu.”

“Na wewe?” Bwanali akanigeukia. “Unamjua huyu mama?”

Pale pale ningesema ndiyo, kazi yangu ingerudi. Asingeweza kukana tena; kesho ningeingia Masasi na shahidi, atake asitake. Kisha yeye angebaki kijijini na Bwanali.

Nikasema simjui.

Bi Mwanne akainama kujitwika. Maji yakammwagikia mabegani. Nilitaka kumshikia ndoo — nikakumbuka kwamba simjui.

Sasa niko stendi ya Kitangari. Dokta Gasper anapiga tena. Anataka kujua kesho nakuja na nani. Edmund naye ametuma ujumbe, anauliza Rose anaendeleaje. Simu inaita bado —