Nilipokea Simu ya Msiba wa Rafiki Yangu, Nikaifuta

Wewe msichana, una moyo gani? Nimeamuru barua yako ichapishwe yote, hata pale unapojitetea, ili uione ilivyo mbele ya watu. Isome kwanza. Mimi nakungoja hapo chini.
— Ayeyo Saynab, bibi yenu wa gazeti hili

Mpendwa Ayeyo, naomba unisaidie maana sina mwingine wa kumwambia, mimi ni mwanafunzi wa ualimu katika chuo kimoja cha kanisa hapa Garissa, kwetu ni Vihiga, na ni katibu wa umoja wa wanafunzi Wakristo, na ninayelala naye chumba kimoja ni Fartun, Mwislamu wa Balambala, ambaye muhula uliopita aligombea uenyekiti wa baraza la wanafunzi, nami nikampigia debe mpaka wenzangu wa umoja wakaniuliza kama nimebadili dini.

Siku ya hotuba Fartun alikuwa mbele kanisani akingoja zamu yake na simu yake nilikuwa nayo mimi, ikalia saa nne, nikatoka nje nikapokea, alikuwa kaka yake Khalif, akasema, “Mama amefariki alfajiri. Mwambie akimbilie stendi, gari la saa tano litamwahisha,” nikasema nitamwambia, lakini Ayeyo, kwetu maiti hukaa hata wiki mbili tukichanga na kungoja watu wa Nairobi, nikajiambia acha kwanza ahutubu, asije akashindwa watu wakatucheka, na alipomaliza wakambeba juu juu wakiimba, nikakosa ujasiri, halafu jioni shangazi yake akapiga kuuliza mbona hakuja na mama ameshazikwa.

Niliogopa, nilikuwa nimeshaifuta ile simu, na Fartun aliponiuliza nikasema hakuna aliyepiga. Khalif alipiga kwa simu ya dereva wa lori aliyekuwa akipita, hana ushahidi, ameapa mbele ya wazee lakini Fartun anamwita mwongo na likizo yote amebaki chuoni. Wiki iliyopita Khalif, ambaye kila Jumatano huleta mbuzi soko la mifugo hapa mjini, alikuja getini na kibuyu cha maziwa ya ngamia, Fartun akakataa kutoka, nikaenda mimi kupokea, akaniangalia akasema, “Dada, sauti yako naijua,” nikasema, “Hapana, hunijui.” Baba yao alikufa zamani, wamebaki wawili tu. Silali, nimefunga siku tatu kuomba. Je, nimwambie, au nimwachie Mungu, maana tunamaliza masomo Novemba?
Mwenye Majuto

Mwenye Majuto, hata jina umejichagulia zuri.

Mjukuu wangu Maryan amenisomea barua hii mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani amekosea.

Sikiliza. Kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Na mama anaoshwa na binti zake. Fartun ndiye binti pekee. Maji ya mwisho ya mama yake yalimwagwa na mikono ya majirani, kwa sababu wewe ulitaka hotuba. Miaka miwili mnalala chumba kimoja, hukuwahi kumuuliza kwao wanazikaje? Na huo umoja wenu, mnakutana kufanya nini, kupiga makofi?

Mimi shule niliishia darasa la pili, nikarudishwa kwa mbuzi. Lakini nikiwa mdogo kuliko wewe nilitembea kutwa nzima kwenye jua kupeleka habari ya kifo kwa watu nisiowajua, na nilipofika sikuomba maji kabla sijasema. Wewe ulikuwa na hatua thelathini.

Hukujua desturi yetu, sawa, hilo nakusamehe nusu. Lakini ulipofuta ulijua. Ulipomwambia Khalif “hunijui” ulijua. Kijana yule alimzika mama yake, na bado anabebeshwa uongo wako kila anapopita.

Unafunga siku tatu! Kula, mwanangu. Mungu habari anazo. Asiye nazo ni Fartun.

Atakuchukia. Sitakudanganya kwamba atalia akukumbatie. Huenda asikuangalie tena mpaka Novemba na baada ya Novemba, na wenzako watakuita msaliti pande zote mbili. Yabebe. Walaahi, hakuna la kufanya litakalomrudishia ile asubuhi. Kaka yake bado unaweza kumrudishia.

Basi fanya hivi. Mwambie leo, chumbani, mlango umefungwa. Usianze kulia, yeye ndiye mwenye haki ya kulia kwanza. Sema: “Khalif alipiga. Nilipokea mimi. Nilifuta mimi.” Usiweke “lakini” hapo. Akikutoa chumbani, toka. Jumatano, siku ya soko la mifugo, Khalif atakuwa pale na mbuzi wake. Nenda na mama mlezi wa bweni lenu, umtafute, useme maneno hayo hayo kwa sauti, wazee wa kwao wanaokuja sokoni wakisikia, kwa sababu mbele ya wazee ndiko alikoapa.

Sasa weka gazeti chini. Nenda ukamwite Fartun.