Mtafiti na Wimbo Wetu wa Asubuhi

Jumanne usiku, Woodley

Eti manesi wa Nairobi hatuna msongo wa mawazo! Yule mtafiti kutoka ng'ambo, anayetulinganisha na manesi wa nchi zingine, ametutangazia matokeo leo akitabasamu kama mtu aliyegundua dawa ya ukimwi. "Hata nimewasikia mkiimba asubuhi. Utamaduni wenu unawakinga."

Utamaduni gani, bwana? Karatasi zake za maswali alimwachia matroni, mkubwa wetu sisi manesi, azigawe na azikusanye. Nani atamwandikia matroni kwamba amechoka? Hapa mkubwa akikuuliza habari, unajibu nzuri, hata kama unaungua. Mtu mzima, digrii zimejaa ukutani, na hilo hajui!

Wambui, mwenzangu wa wodi ya watoto, akashindwa kunyamaza. "Daktari, sisi huimba mtoto akitufia usiku. Tunaimba ndio tusilie mbele ya wamama."

Mjinga yule akauliza kama anaweza kuja kesho aturekodi.

Sasa usingizi hauji. Nimemwacha mtoto wa kitanda cha dirishani akivuta pumzi kwa shida, na... Mungu wangu, kesho tusiimbe.