Kitabu cha Kanga Ulichozikwa Nacho

Wifi,

Sikusalimii. Nina hasira na wewe tangu siku ya mazishi, na nakuandikia kwa sababu hapa Lipingo kila mtu ameshachoka kunisikiliza.

Kwa nini ulimwambia mdogo wako akuzike na vitabu? Najua ulikuwa unatania, nilikuwepo. Tumekaa mimi na wewe kando ya chanja tukifukuza kuku wasile usipa, dagaa wa ziwani tuliowaanika, watu wazima wawili na kitabu kimoja cha watoto, tunacheka mpaka machozi. Shemeji Amosi akapita na nyavu begani, akasema, "Dada, na umri huo bado vitabu vya chekechea?" Ukamjibu bila hata kuinua macho, "Nikifa mnizike navyo." Basi akalichukua neno lako hivyohivyo.

Kabla jeneza halijafungwa akaingiza mkono, akakuwekea kitabu kifuani. Na katika vyote ulivyoachiwa chekechea ya kanisa ilipofungwa, akachagua kile cha kanga aliyelelewa na kuku. Nikataka kukitoa. Wanawake wakanishika mikono wakidhani nimezidiwa na msiba. Nilikuwa nimezidiwa na Amosi.

Wewe unajua kile kitabu kilikuwa nini kwangu. Nilipoolewa na kaka yako nilikuja na Otilia mkononi, mtoto niliyempata kwetu Mpepai kabla sijamjua mwanaume wa ziwani. Msimu wa kwanza nikachimba mashimo ya ngolo kwenye mchanga wenu, kama tunavyolima milimani. Upepo wa mwera ukavuma siku mbili tatu, mashimo yote yakafukiwa, kijiji kizima kikanicheka. Wewe ulicheka kuliko wote, halafu ukachukua jembe ukaja tukachimba upya, ukijua kabisa ni kazi bure. Jioni yake ukanisomea kanga kwa mara ya kwanza.

Na watoto walipomwita Otilia "wa kuja," hukuwagombeza. Uliwakalisha ukawasomea mpaka pale vifaranga wanapomfukuza kanga arudi porini, na mama kuku anasema, "Huyu ni wangu, na madoadoa yake." Ukifika hapo unamvuta Otilia mapajani. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni natengeneza usipa, na kila mara nilijiona nimevutwa mimi.

Sasa umekwenda na kitabu chako. Nimejaribu vile vingine, kile cha ndugu wawili wenye blanketi moja, kile cha mbuzi anayemsubiri rafiki yake mgonjwa. Otilia anafunika ukurasa kwa kiganja. "Shangazi hasomi hivyo." Na "wa kuja" imerudi midomoni mwa watoto. Mimi nikisema huyu ni wangu haina maana, wifi, mimi ndiye niliyemzaa. Lile neno lilitakiwa kutoka kwa mtu wa kwenu. Juzi nikakusanya nguo zetu kwenye begi turudi Mpepai. Kaka yako nilipomwambia akachukua kasia akaenda ziwani, unamjua.

Jana asubuhi begi liko mlangoni, sisi tuko kwenye chanja. Watoto wakaanza tena, wakamwambia Otilia akafukuze kuku wa kwao mlimani. Nikainuka na fimbo. Kabla sijawafikia, Amosi akatupa nyavu chini, akamnyanyua Otilia, mtoto mkubwa vile, akamweka begani. Akasema kwa ile sauti yake ya kuitia mitumbwi, "Huyu ni wetu, na madoadoa yake."

Kumbe miaka yote ile akijifanya anatucheka, alikuwa anasikiliza.

Otilia akamsahihisha huko huko juu. "Ni wangu, sio wetu." Amosi akamjibu, "Shangazi yako alikuwa mmoja. Sisi tumebaki wengi."

Nilikasirika, wifi. Nilikuwa namchukia vizuri kabisa, kwa raha zangu, na yeye ananinyang'anya hata hilo. Nikamuuliza mbele ya watu kwa nini alikizika kitabu cha mtoto. Akasema hakutaka uende peke yako. Akalia, na mimi nikalia, na kuku wakala usipa.

Sasa nimkasirikie nani? Umebaki wewe tu. Wewe uliyeondoka kabla hujanifundisha kuitoa ile sauti ya mama kuku, nikijaribu naonekana nina mafua.

Begi nimelifungua. Kitabu kaa nacho, sikidai tena. Jioni tunakisema kwa kichwa, Otilia anaongoza, Amosi anajifanya anashona nyavu. Na nakuahidi hivi: mwanamke mwingine yeyote akishuka huku na mtoto mkononi, nitamwita wangu kabla kijiji hakijampa jina lingine. Hata akichimba ngolo mchangani. Nitacheka kwanza, halafu nitachukua jembe.

Hasira bado ninayo, usidhani imeisha. Lala, wifi.

Ni mimi, wako, na madoadoa yangu.