Namba ya Marehemu Mgongoni Mwangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu binti yangu amekasirika tayari na sitaweza kubeba hasira za watu wawili kwa mwezi mmoja.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi, na mume wangu alikuwa fundi wa kufuli na funguo, alifariki miezi saba iliyopita kwa moyo, akiwa amekaa kitini anafunga kamba za viatu, si barabarani kama wengi wanavyodhani, maana alikuwa mwendesha baiskeli wa zile safari ndefu zinazoandaliwa kila msimu wa joto, ambazo watu mia sita wanaanza pamoja alfajiri na kila mmoja anamaliza kwa wakati wake. Safari ni tatu kwa msimu, ya kilomita themanini, ya mia na ishirini, na ya mwisho ya mia na themanini, na ukizimaliza zote tatu umehesabiwa msimu mmoja, na ukifikisha misimu kumi jina lako linaandikwa kwa rangi kwenye ubao ulioko ukutani kilabuni kwao. Mume wangu alikuwa na misimu tisa.

Misimu yote hiyo mimi nilikuwa kwenye meza ya maji, najaza chupa na kukamua sponji, na nilikuwa namjua akiwa bado mbali kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa linatoka nje kila akikanyaga, na akifika anajifanya hanijui, anasema, "Dada, samahani, una mtu wewe?" nami namjibu, "Ninaye, yuko nyuma yako anakuja, mrefu kuliko wewe na ana meno yote," wenzangu wa mezani wanacheka kila mwaka kama vile ni mara ya kwanza, naye anakunywa maji, anatia leso yenye maji chini ya helmeti, anaondoka bila kuaga kwa sababu eti mgeni haagi.

Sasa, mwaka huu alikuwa amejiandikisha mapema kama kawaida yake, na namba ilikuja baada ya mazishi. Aliyeileta ni kiongozi wa kilabu, ambaye wanamwita Gia Moja kwa sababu hata mlimani habadilishi, akaiweka juu ya meza ndani ya bahasha pamoja na kile kifaa kidogo cha kuhesabu muda, akasema, "Shemeji, hii ni yake, ukiitupa au ukiitunza ni shauri lako." Nikamuuliza, "Na mtu mwingine akiivaa?" Akaangalia viatu vyake, akasema, "Kanuni hairuhusu, shemeji. Lakini sisi tukiendesha huwa tunaangalia mbele."

Mshauri, baiskeli naijua tangu usichana, nilikuwa naiendea kazini, basi nikakishusha kiti cha baiskeli yake vidole vinne, nikazungushia utepe mweusi pale kilipokuwa ili nisipoteze kipimo chake, nikaanza mazoezi kabla ya kazi, na safari ya kwanza nikaimaliza nikiwa na namba yake mgongoni, na hakuna aliyeniuliza kitu, wenzake walinizunguka tu wakanikinga upepo mpaka mwisho. Kesho yake orodha ilitoka na jina lake lilikuwemo, kwa muda wa saa nne na dakika arobaini na moja, nikalisoma pale kazini nimesimama nikasahau pasi, nikaunguza mkono wa shati la mteja, kosa ambalo sijalifanya kwa miaka kumi na tisa. Sikujali. Jina lake lilikuwa katikati ya majina ya watu walio hai na wenye afya.

Safari ya pili ndiyo iliyoniharibia. Nilijidanganya kwamba mimi na joto tumezoeana, nashinda kwenye mvuke siku sita kwa wiki, lakini dobi kuna feni na kuna kiti, na barabarani ilipofika saa sita mchana lami ilikuwa inanata kwenye tairi na upepo wenyewe ulikuwa wa moto, na kwenye kilomita ya tisini na tano jasho likakata, nikaanza kusikia baridi kwenye mikono katikati ya jua lile, nikashuka nikakaa kwenye kivuli cha bango la matangazo. Muuguzi wa pikipiki akaja, akanimwagia maji shingoni, akabandua namba yangu kuisoma upande wa nyuma, kwa sababu huko nyuma ndiko wanakochapa hali ya afya na simu ya mtu wa karibu alizojaza mwenye namba alipojiandikisha, akauliza, "Imeandikwa una presha, dawa yako umekunywa leo?" nami nikajibu, "Nimekunywa." Mshauri, mimi sina presha. Jibu lilitoka lenyewe, kwa sababu kwa miaka sita kila asubuhi nilikuwa namuuliza mume wangu swali hilo na yeye ananijibu hivyo. Muuguzi akasema, "Tulia, ngoja nimpigie mtu wako aje akuchukue," akapiga, na simu ikaanza kulia kwenye mfuko wa nyuma wa fulana yangu mwenyewe.

Tukatazamana. Akakata, akapiga tena, ikalia tena. "Mama," akasema, "hapa mtu wako ni nani?" Nikaifunika simu kwa mkono. Akanikataza kuendelea, akaniambia nisubiri lile gari la nyuma linalookota waliochoka, lakini akaitwa mbele kwa mwingine aliyeanguka, na alipoondoka mimi nikapanda nikaendelea, nikafika wa tatu kutoka mwisho.

Kesho yake binti yangu akanipigia kutoka ofisini. Sikuwa nimemwambia chochote. Akasema, "Mama, nimeona orodha. Unajua nimefanya nini? Nimesimama nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili, baba yangu amemaliza. Nimesema hivyo kwa sauti, mama, mbele ya watu, nimefurahi kabisa. Halafu ndipo nikakumbuka." Nikajaribu kumweleza habari za ubao na misimu kumi, akasema, "Ukiendesha hiyo ya tatu usinipigie tena," akakata, na ni Jumapili ya nne sasa hajakanyaga kwangu, wakati zamani hakuwa anakosa.

Imebaki wiki tatu. Mshauri, nimechoka. Hiyo baiskeli siipendi, kiti kinaniumiza, mikono inakufa ganzi mpaka nashindwa kukunja kola, na usiku naota kilomita. Lakini nikiacha atabaki na misimu tisa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwachisha njiani. Nimalize au niache?

Mpiga pasi


MSHAURI ANAJIBU

Mama mpiga pasi, pole. Pole kwa mumeo, na pole kwa ile nyumba ambayo sasa hakuna wa kumuuliza kuhusu dawa asubuhi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilisikitika. Ya pili nilitaka kukushika masikio.

Umemjibu muuguzi kwa niaba ya marehemu, mama. Hebu liangalie hilo vizuri. Mtu amekuja kukuokoa, anauliza hali ya mwili ulio mbele yake, na wewe unampa hali ya mwili uliozikwa. Ungezimia dakika mbili kabla hajafika, wangekutibu kama mtu mwenye presha, na simu ya kumwita ndugu yako ingelia mfukoni mwako mpaka ichoke. Binti yako angepata habari lini? Kesho yake, kwenye orodha, pale ambapo jina la baba yake lingekuwa halina muda.

Halafu unaniambia jasho lilikata, ulisikia baridi juani, na bado ulipanda ukaendelea. Unayepiga pasi unajua nguo ikikauka kupita kiasi inaanza kunukia kuungua. Mwili ni hivyo hivyo. Jasho likikata kwenye jua la namna ile, safari imekwisha, na aliyekwambia ukae kivulini alikuwa sahihi. Ulimkimbia kama mtoto anayekimbia sindano.

Hao wenzake mumeo walikupenda kwa namna mbaya. Huyo Gia Moja alijua kanuni, akaona aibu kumnyima mjane kitu, akakuachia wewe mzigo wa kuamua ukiwa bado una matanga kichwani. Mwambie nimesema. Kuangalia mbele ni kwa barabarani. Pale mezani kwako alitakiwa akuangalie wewe.

Sasa huo ubao. Mumeo aliendesha misimu tisa kwa miguu yake, na lile goti lake. Hiyo tisa haina mtu wa kuipinga. Ukiongeza wa kumi kwa miguu yako, kila atakayesoma jina lile na akaijua siri atajiuliza na mingine ilikuwaje. Unadhani unamkamilishia, kumbe unamtia doa mtu aliyeondoka msafi. Wala hukumwachisha njiani. Alikuwa amekaa kitini, anafunga kamba za viatu, mkewe yuko nyumba hiyo hiyo. Wapo wengi wanaotamani wangeondoka hivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki hii, siyo ijayo, nenda kwa waandaaji ukiwa na Gia Moja pembeni, na yeye ndiye aanze kusema. Rudisheni namba na kile kifaa. Ombeni matokeo ya safari zile mbili yafutwe. Watawagombeza, nyamazeni wakiwagombeza. Kisha nenda ukapimwe, maana joto likishampiga mtu mara moja humpiga tena kwa urahisi zaidi, na mikono inayokufa ganzi kwa mtu anayeishi kwa mikono si ya kuchekea. Kiti cha baiskeli kipandishe mpaka kwenye ule utepe, uiweke ndani. Mwakani, ukiwa bado unataka, jiandikishe kwa jina lako, anza na themanini, uanze na kumaliza kabla ya jua kali. Usipotaka, usijiandikishe. Hakuna atakayekuhesabia misimu.

Siku ya ile ya mia na themanini nakukataza kabisa kuendesha. Na meza ya maji usiende pia mwaka huu. Najua utafikiri hilo ni jepesi, eti nitakamua sponji tu. Utasimama pale unaangalia magoti ya watu mia sita. Acha wengine wakamue.

Ila kabla ya waandaaji na kabla ya daktari, kuna binti yako, na kwake usitume ujumbe. Nenda mwenyewe, usisubiri Jumapili. Kwa sekunde chache yule binti alikuwa na baba tena, mbele ya wenzake, halafu akampoteza mara ya pili akiwa amesimama. Hilo lilitokea kwa mkono wako. Hukukusudia, lakini ni lako. Hata wewe ulipoona lile jina uliunguza shati. Sasa mfikirie yeye ambaye hakuwa anajua kitu.

Usianze na maelezo. Akifungua mlango usitaje ubao, usitaje kilomita, usimtetee marehemu wala usijitetee. Omba msamaha, kisha mwambie umechoka. Katika barua yako yote ndefu, hilo ndilo neno nililoliamini kuliko mengine, na nimehesabu, hujamwambia mtu yeyote. Umeniambia mimi, mtu wa gazeti usiyemjua. Lipeleke kwa mwenyewe.